Gumba la Salima

Shikamoo zenu nimezipokea zote, pamoja na ya huyo aliyeitamka huku anatafuna muwa. Haya, kaeni. Kila mkija hapa, ninyi mnaosomea uuguzi, mnataka niwasimulie watoto waliotanguliza miguu na mapacha waliozaliwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Hizo nimezisimulia mpaka nimezichoka mwenyewe. Leo nitawaambia habari ya kidole. Msicheke. Kidole kimoja kilikaribia kuvunja nyumba ya watu kule Mtinko, na aliyekuwa anaivunja ni mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi vizuri.

Wakati huo bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu, bomani Singida. Mimi nilikuwa msichana wa Kinyiramba kutoka Shelui. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikafundishwa kuhudumia wazazi, nikapelekwa kwenye dispensari ndogo huko Mtinko, kwa Wanyaturu. Kinyaturu nilijua cha kusalimia na kuomba maji, basi. Kwa hiyo nilisema Kiswahili, tena kile cha darasani, cha kuvutavuta maneno ili watu wajue umesoma. Nilijisikia, jamani, siwezi kuwaficha.

Aliyenipunguza kujisikia ni Mama Hadija. Alikuwa mhudumu wetu pale, mama mtu mzima, mzaliwa wa Mtinko. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa amepokea watoto wengi kabla mimi sijazaliwa. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Kwenye kazi nilikuwa mtoto wake, na hakuninyima kitu alichokijua. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea dua, mimi Mkristo, na ninajua kule aliko anaipokea.

Sasa hicho kidole. Mzazi akishajifungua vizuri, mtoto akafika mwezi, miezi miwili, wakati mwingine utaona ameanza kuangusha vitu. Anaangusha kata, anaangusha mwiko. Anashindwa kufungua mfuniko. Ukimwuliza, anakuonyesha kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, anakwambia panawaka, na ukigusa kidogo tu anarudisha mkono. Wala hajaanguka, wala hajapigwa. Ni kazi ya kumbeba mtoto. Anamnyanyua kwa kumtia mikono kwapani, magumba yametanuka, mara ngapi kwa siku hakuna anayehesabu, na mtoto anaongezeka uzito lakini mkono ni uleule. Anamnyonyesha huku amekunja kifundo kushika kichwa. Kwetu sisi ongezeni na jiwe la kusagia. Kusaga uwele ni kusukuma kwa vifundo vyote viwili, asubuhi na jioni, watu wa nyumba nzima wanangoja ugali.

Mzazi wa kwanza kuniletea maumivu hayo nilimkamata mkono nikamsugua kwa samli ya moto. Nilisugua kama anayefua kaniki, kwa sababu kwetu Shelui tulisema ni baridi ya uzazi imeingia kwenye mfupa, na baridi inatolewa kwa nguvu. Yule mama alivumilia, akaniaga kwa adabu, akarudi baada ya siku tatu mkono umevimba. Nikaona dawa ni bendeji. Nikakaza. Akarudi tena, safari hii vidole vimepoa na vimebadilika rangi. Mama Hadija akaifungua ile bendeji polepole, mzunguko mmoja mmoja, kisha akaniuliza yule mama alinikosea nini.

Ndipo akaanza kunifundisha. Mwambie mzazi afiche gumba ndani ya ngumi, alisema, halafu ainamishe ngumi hiyo kuelekea upande wa kidole cha mwisho, kama anayemimina maji ya kunawisha wageni. Afanye mwenyewe, taratibu, wewe usimvute. Akishtuka, umeshapata jibu. Akanieleza kwamba kuna kano mbili, zile nyuzi ngumu zinazovuta gumba, na zote mbili zinapita kwenye kijitundu kimoja chembamba pale kifundoni. Zikivimba, hazina nafasi, zinakwaruzana. Nikamwuliza amejuaje wakati hajawahi kuona kitabu. Akasema amechuna mbuzi wengi, na mguu wa mbuzi hauna siri.

Dawa yenyewe ni kupumzisha gumba, na hilo ndilo gumu, kwa sababu gumba la mwanamke halina likizo. Katika kabati letu tulikuwa na magango ya mbao, yale ya kufungia mfupa uliovunjika, yamenyooka kama rula. Ukimfunga mtu hayo, mkono unazidi kuuma. Mama Hadija alitumia kibuyu. Alikata kipande pale shingo ya kibuyu inapokutana na tumbo lake, mahali palipojipinda penyewe, akasugua kingo zake kwenye jiwe mpaka zikawa laini, akakitandika kitambaa kikuukuu ndani. Kipande kile kilikaa chini ya gumba na kifundo kana kwamba kilioteshwa kwa ajili hiyo. Kikafungwa kwa vitambaa, si kwa kukazwa. Kidole chako kimoja kikipita chini ya kitambaa, umefunga vizuri, kisipopita, umefunga adui. Vidole vingine vinaachwa huru. Mzazi anakivua anapooga, anachezesha mkono kidogo, anakivaa tena. Nikikumbuka bendeji yangu ya kwanza naona haya.

Siku moja alikuja mama wa Kizungu kutukagua, akakuta kipande cha kibuyu juu ya meza. Akauliza uchafu huu umeletwa na nani. Mama Hadija akakichukua akamvika yeye mwenyewe mkononi. Yule mama akageuza mkono huku na huku, halafu akaomba aondoke nacho. Tukampa.

Basi ndipo akaja Salima.

Salima alikuwa mwali wa Unyambwa, ameolewa Mtinko na kijana anayeitwa Saidi. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alikuwa na miezi miwili. Aliletwa na mama mkwe wake, Mama Saidi, mwanamke mrefu, maneno yake machache na makavu. Hakumleta kwa kumhurumia. Alimleta aambiwe mbele ya mtu wa serikali kwamba ni mvivu. Akanieleza kwamba mkamwana wake ameangusha kibuyu cha maziwa mara mbili, kwamba anaacha unga nusu kwenye jiwe, na kwamba mtoto anamnyanyua kwa vigasha, si kwa viganja, kama mzigo wa kuni. Salima alikuwa anatazama sakafu tu.

Siku hiyo Mama Hadija alikuwa ameenda msibani. Nilikuwa peke yangu na Kiswahili changu. Nikampima Salima kwa ngumi, akashtuka mpaka mtoto akaamka. Nikafurahi moyoni, kwa sababu nilikuwa nimelijua jibu bila msaada wa mtu. Nikamgeukia mama mkwe, nikajiweka sawa.

“Mama, huyu ana ugonjwa wa gumba,” nilimwambia. “Umempata baada ya kuzaa. Tena gumba likilazimishwa, linaweza kuharibika moja kwa moja.”

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo, dalili zote zipo. Akauliza kama kuna dawa. Nikajibu kwa sauti ya mtu mkubwa kwamba tutajaribu, lakini panahitaji subira, na wengine huchukua muda mrefu. Nikamfunga Salima kitambaa tu, nikamwambia arudi Ijumaa, maana kibuyu hakikuwepo. Mama Saidi akanishukuru kwa upole ambao sikuutarajia, wakaondoka, yeye mbele, Salima nyuma na mtoto mgongoni. Nikajisemea, kumbe mwanamke huyu ukimweleza vizuri anaelewa.

Ijumaa Salima hakuja. Nikadhani amepata nafuu. Jumamosi Mama Hadija alikwenda sokoni, akarudi kikapu kitupu. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akaniuliza nilimwambia nini mama yake Saidi. Nikamweleza. Akaniambia nirudie, tena kwa maneno yaleyale. Nikarudia. Akaniambia nirudie mara ya tatu, na safari hii niliona macho yake yamebadilika.

“Mwanangu, gumba la kidole liko kwenye vitabu vyako,” alisema. “Mtu wa Kiswahili cha mnadani anajua mgumba tu, mtu asiyezaa. Umemwambia mkamwana wake hatazaa tena.”

Kwao kidole hiki kilikuwa kidole kikubwa, basi. Na kila nilichokuwa nimesema kwa madaha kilikuwa kimelala vizuri kabisa juu ya kosa lile: umempata baada ya kuzaa, linaharibika moja kwa moja, tutajaribu, subira. Ule mkono uliofungwa kitambaa walidhani ni dalili tu ya ugonjwa ulioko ndani. Sokoni ilikuwa inasemwa kwamba nesi amempima mke wa Saidi na amesema kizazi kimekwisha. Kaka yake Salima alikuwa ameitwa kutoka Unyambwa, aje amchukue kesho yake. Mtoto angekwenda naye kwa kuwa ananyonya, lakini akiacha ziwa angerudishwa kwa baba yake. Salima angebaki mikono mitupu, kwa neno langu.

Nilitaka kuandika barua. Naam, barua, kwa watu wasiosoma, mjue hofu inavyomfanya mtu mjinga. Mama Hadija akanitupia kanga yangu, akasema tunatembea.

Tulifika kwenye tembe yao jua likiwa linawaka sana. Salima alikuwa uani, mkeka wake umekunjwa, vyombo vyake vichache vimefungwa kwa kamba. Saidi alikuwa amekaa mbali, karibu na zizi, anachonga mpini ambao ulikuwa umeshachongwa ukaisha. Huyo kijana alimpenda mkewe, ilionekana wazi, lakini mbele ya mama yake hakuwa na la kusema. Nilipiga magoti chini mbele ya Mama Saidi nikamwamkia shikamoo. Aliitika kwa shida.

Mama Hadija hakunisemea. Aliniambia niseme mwenyewe, yeye atageuza kwa Kinyaturu. Nikainua mkono wangu wa kulia, nikakunja vidole vinne, nikabakiza kimoja.

“Gumba ni hiki,” nilisema. “Salima anaumwa kidole. Kizazi chake sikukigusa na sikijui. Nimekosa mimi, mama.”

Kuku wakaparua, Saidi akaacha kuchonga. Mama Saidi alikitazama kile kidole changu muda mrefu.

“Una mikono miwili na mdomo mmoja,” alisema mwisho. “Kwa nini hukunionyesha kwa mkono?”

Wajukuu zangu, nimefundishwa na madaktari wengi baada ya siku ile, wengine wana vyeti vya kujaza ukuta. Hakuna aliyenifundisha zaidi ya mwanamke yule kwa maneno hayo. Tangu hapo sijawahi kumwambia mgonjwa jina la kiungo bila kukishika, na ninyi msije mkathubutu. Mnayapenda majina makubwa, nawasikia. Shikeni mahali panapouma kwanza.

Salima hakuwa amelia walipomwambia afunge vyombo. Alilia pale, alipoambiwa kwamba haendi. Mama Saidi akamwita, akamwambia afiche gumba kwenye ngumi kama nilivyoonyesha. Akafanya, akauma midomo. Yule mama naye akafanya vivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa kizee usiouma tena, akautazama. Akasema kwamba alipomzaa Saidi, alisaga kwa kiwiko msimu mzima, na mama mkwe wake alimwita jina ambalo hataki kulirudia. Alikuwa amesahau. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa anamwambia Salima, si sisi.

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha kusukia maziwa. Si kibovu. Kilikuwa kibuyu kizuri, cheusi kwa moshi, kinanukia samli, cha kurithi. Mama Hadija akamwambia hapana, hata kigae cha kibuyu kilichopasuka kinafaa. Mama Saidi alikipiga kwenye jiwe la kusagia kikapasuka, akachagua kipande cha shingoni, akatupatia kisu tukate. Kisha akaketi kwenye jiwe lile, akamimina uwele, akaanza kusaga mwenyewe huku sisi tunamfunga mkamwana wake. Hivyo ndivyo alivyomwomba msamaha. Kwa mdomo sikumsikia akisema, na Salima hakuhitaji.

Tulimfundisha Salima kumnyanyua mtoto kwa kumpitishia mkono mmoja chini ya makalio na mwingine chini ya mgongo, kiganja kikitazama juu, gumba likae pamoja na wenzake. Wakati wa kunyonyesha aweke kanga iliyokunjwa mapajani, mtoto alale juu yake, mkono usibebe kichwa peke yake. Kitambaa cha maji baridi ya mtungini pale panapowaka. Jiwe asiliguse, ng'ombe asikamue. Saidi alikamua yeye, watu wakamcheka, akazidi kukamua. Baada ya wiki sita hivi Salima alifunua mfuniko wa chungu mbele yangu, akaufunika, akaufunua tena, anacheka. Si wote wanaopona hivyo. Wapo ambao kibuyu kiliwasaidia nusu, tukawapeleka hospitali kubwa mjini, na siku hizi zipo sindano. Usimwache mtu anaumia kwa sababu unakipenda kibuyu chako.

Lakini Mama Saidi hakuwa amemalizana nami. Alisema neno nililolitupa sokoni nikaliokote sokoni. Basi siku ya mnada nikasimama katikati ya wanawake, nimevaa gauni langu jeupe, nimeinua dole gumba juu, nikieleza, na Mama Hadija anageuza kwa Kinyaturu huku amejikaza asicheke. Alishindwa. Wote walishindwa, nami mwisho nikacheka. Tangu siku hiyo jina langu Mtinko likawa Nesi Gumba. Nililichukia mwaka mzima, halafu nikalizoea, halafu nikalipenda.

Baadaye niliolewa, nikaacha kazi, nikarudi kwetu Shelui. Siku zile ukiolewa unaacha, hakuna aliyekuuliza. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, sikupata mtoto. Ndipo lile neno likanifikia na mimi, safari hii bila kukosewa. Mgumba. Mama mkwe wangu alilisema kisimani, jikoni, mbele ya wageni. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ananyamaza, na mke mwingine alikuwa ameshachumbiwa. Nilikuwa nalala jikoni. Nilikonda. Nilifikiri mara nyingi juu ya zile siku tatu ambazo Salima alilibeba neno hili kwa sababu yangu, na niliona haki imenifikia.

Wauza kuku waliokuwa wanapita Shelui na malori walinijua tangu Mtinko. Wao ndio waliopeleka habari kwa Mama Hadija.

Asubuhi moja, niko uani napepeta mtama, nikaona mwanamke mrefu anaingia bila haraka, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Ni Mama Saidi. Alikuwa hajawahi kupanda lori maishani mwake. Alimwamkia mama mkwe wangu, akapewa kigoda, akanywa maji yote. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili chake cha mnadani, kwamba dispensari yao inahitaji mtu na wakubwa wamekubali nirudi, na kwamba amekuja kunichukua. Mama mkwe wangu akauliza watamchukua mgumba huyu wampeleke wapi.

Mama Saidi akainua mkono wa kulia. Akakunja vidole vinne, akabakiza kimoja.

“Kwetu gumba ni hiki,” alisema. “Tunamhitaji. Kama ninyi hamna kazi naye, sisi tunayo.”

Akaniambia nichukue kanga zangu. Nilizichukua, zilikuwa mbili. Nililia njia nzima mpaka barabarani, na yeye alitembea mbele yangu kama alivyotembea siku ile na Salima, haangalii nyuma.

Lori lilikuwa linangoja, limejaa magunia. Salima alikuwa juu yake, mtoto wa pili mgongoni, na yule wa kwanza, yule wa kike, amekaa kwenye gunia ananitazama. Bodi la lori lilikuwa refu, nami sikuwa na nguvu. Salima akainama, akaninyooshea mkono wa kulia, mkono uleule. Akanishika, gumba lake likakaza juu ya kifundo changu, akanivuta juu.